Punguza kelele kabla ya kuongeza waya: hotuba kuhusu kipokezi cha taarifa za foleni ndani ya gari

Mabibi na mabwana, mafundi na madereva mliofika,

Tutazungumzia waya. Ni waya mwembamba usiofika hata mita moja, unaotoka kwenye kebo ya chaja ya kifaa cha navigesheni, nao ndio antena ya kipokezi cha taarifa za foleni. Mara nyingi hukutwa bado umekunjwa vilevile ulivyokunjwa kiwandani, umebanwa na kile kifungo chake cha plastiki, umesukumwa nyuma ya dashibodi. Mwenye gari analalamika kwamba taarifa za foleni hazifiki. Zitafikaje? Hata hivyo kuukunjua ni mwanzo tu wa kazi. Wengi wakishaukunjua na kuona mambo ni yaleyale hukimbilia antena ndefu zaidi au busta, yaani kikuza mawimbi, na hapo ndipo wanapopotea njia, kwa sababu ndani ya gari kinachoangusha kipokezi kwa kawaida ni wingi wa kelele, yaani mawimbi machafu yasiyotakiwa, kuliko uchache wa mawimbi ya stesheni.

Tuelewane kwanza kipokezi hiki kinasikiliza nini. Kifaa hujua mahali kilipo kwa GPS, mawimbi ya setilaiti yaliyo kwenye megahezi 1,575 hivi, na antena ya kazi hiyo imo ndani ya kifaa chenyewe. Taarifa za foleni hupita njia nyingine kabisa. Zinasafiri na stesheni za kawaida za FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, zikiwa zimepandishwa mgongoni mwa muziki na mazungumzo. Mfumo unaozibeba ni RDS, uleule unaoandika jina la stesheni kwenye kioo cha redio ya gari, na sehemu yake inayobeba foleni, ajali na barabara zilizofungwa inaitwa TMC. Ndiyo maana ramani inaweza kwenda bila kasoro, mshale ukiwa juu ya barabara sahihi, huku upande wa foleni kifaa kikiwa kiziwi. Kukisogeza kifaa ili kione anga vizuri zaidi kunasaidia GPS. TMC haijali, yenyewe inategemea waya.

Swali linalofuata huulizwa kila mara: mbona redio ya gari inaipata stesheni hiyohiyo safi kabisa? Jibu moja ni la wazi, redio ina antena nje ya bodi. Jibu la pili ni zito zaidi, na ukilielewa hilo kazi yote iliyobaki inakuwa rahisi.

Sauti mnayoisikia kwenye FM inaishia kilohezi 15. Data ya RDS imewekwa juu zaidi, kwenye kilohezi 57, na imepewa nguvu ndogo sana: katika stesheni nyingi data hiyo huyatikisa masafa kwa kilohezi 2 hivi, wakati mtikisiko wote unaoruhusiwa ni kilohezi 75. Tena FM ina tabia yake: kelele inayotoka kwenye kipokezi huongezeka kadiri unavyopanda. Kwenye kilohezi 57 kelele ni karibu mara 3.8 ya ile iliyo kwenye kilohezi 15. Yaani data ni ndogo, na imekalishwa mahali penye kelele kubwa. Sikio lako linaweza kuridhika na sauti yenye mkwaruzo kidogo wakati data imeshazama zamani.

Halafu data haina ile hali ya kufifia polepole. RDS hutuma biti, yaani tarakimu za 0 na 1, kwa kasi ya 1,187.5 kwa sekunde, zikiwa zimepangwa katika makundi ya biti 104, makundi 11.4 kila sekunde. Kila kundi lina vipande vinne vya biti 26. Katika hizo, 16 ni habari na 10 ni za ukaguzi. Tufanye hesabu ndogo. Ikiwa biti moja katika kila 1,000 inaharibika, makundi 90 kati ya 100 yanafika salama, nawe huoni tatizo lolote. Ikiharibika moja katika kila 100, yanasalia makundi 35. Zikiharibika 5 katika kila 100, halifiki hata kundi moja kati ya 100. Angalieni mporomoko huo ulivyo kama ukingo wa jabali: kutoka 90 hadi 35 hadi sifuri, na masikio yetu kwa redio hayajashuku chochote. Uzuri ni kwamba jabali hilohilo likipandwa kinyume, marekebisho madogo tu, desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) mbili au tatu, hubadili kipokezi kutoka kiziwi kuwa kizima.

Na kipokezi hakina huruma kwa makosa, wala hakitakiwi kuwa nayo. Ujumbe wa TMC haubebi maneno. Unabeba namba: namba ya tukio yenye biti 11 na namba ya mahali yenye biti 16, na kifaa huzitafsiri kwa jedwali lililomo ndani yake. Biti moja ikigeuka, ajali inahamia mji mwingine. Ndiyo maana ujumbe uleule hurudiwarudiwa na stesheni, na kipokezi husubiri kuupata zaidi ya mara moja ukiwa sawasawa kabla ya kuuamini. Mapokezi yakiwa ya kukatikakatika, kipokezi kinaweza kushika stesheni siku nzima na kisikuonyeshe ujumbe hata mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kugusa waya, jua kwanza umesimama wapi. Fungua ukurasa wa hali ya foleni kwenye kifaa. Kifaa kisiposhika stesheni yoyote, hilo ni tatizo la antena, la kelele, au kipokezi hakipati umeme. Kikishika stesheni lakini kikasema haina huduma ya foleni, huenda hakuna stesheni inayotuma TMC eneo hilo, na hapo hakuna waya utakaosaidia. TMC ipo katika nchi zilizoiweka tu, nyingi zikiwa za Ulaya. Kikionyesha huduma ipo lakini imefungwa, ni suala la malipo au la leseni ya kipokezi, maana TMC nyingine hutumwa kwa siri na hufunguliwa na vipokezi vilivyoidhinishwa pekee. Hali ya nne ndiyo yetu leo: stesheni inakuja na kuondoka, alama ya nguvu inacheza, ujumbe ni mchache au hakuna.

Lipo pia kosa dogo linalopoteza siku nzima za watu. Katika vifaa vingi kipokezi kimefichwa ndani ya kebo ya chaja, kile kivimbe kilicho katikati ya kebo au karibu na plagi. Mtu akitumia kebo ya kawaida ya USB, kifaa kinapata umeme na kipokezi hakipo. Hakuna ujumbe wa kosa. Ukurasa wa foleni unatoweka tu kwenye menyu. Hakikisha ni kebo yenyewe, na imeingia hadi mwisho.

Namna ya kupima. Kipokezi kinapowashwa hupekua masafa yote, megahezi 87.5 hadi 108 kwa hatua za megahezi 0.1, yaani vituo 206, na kwenye kila kimoja chenye nguvu ya kutosha husubiri kuona kama data ya foleni imo. Hiyo ni kazi ya dakika kadhaa. Anayehamisha waya kila baada ya dakika moja hapimi kitu. Anakatisha msako kila unapoanza. Kipe kipokezi dakika 10 hadi 15 kwa kila badiliko, na badilisha jambo moja tu kwa wakati.

Usiamini pia kipimo cha sehemu moja. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi. Linapogonga jengo na kurudi, hukutana na lile linalokuja moja kwa moja, pengine yakasaidiana, pengine yakauana, na kati ya sehemu nzuri na sehemu mbovu huwa ni kama sentimita 75 tu. Umeegesha, unapima, mabaya. Unasogeza gari nusu hatua, mazuri. Unasifu antena kwa kazi iliyofanywa na gurudumu. Pima sehemu nne au tano za eneo hilohilo, andika namba zote, kisha fanya badiliko na urudie zilezile. Kama kifaa chako kinaonyesha baa tu bila namba, hesabu ujumbe uliopokelewa ndani ya dakika 15.

Sasa tuingie kwenye kelele, na hapa nitakaa.

Mshukiwa wa kwanza ni chaja. Inashusha volti 12 za gari kuwa volti 5 kwa kuwasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, nyingine zaidi ya mara milioni. Kila kuwasha na kuzima kunazaa mawimbi madogo yanayorudiwarudiwa juu kabisa, hadi ndani ya FM. Chaja iliyotengenezwa vizuri huyameza kwa koili na kapasita zake. Iliyobanwa gharama huyatema kwenye kebo, na kebo hiyo inapita sentimita chache kutoka kwenye antena ya TMC. Mshukiwa wa pili ni kamera ya dashibodi. Wengi huiweka juu kwenye kioo na kupitisha waya wake ukingoni mwa dari, njia ileile wanayoipitishia antena. Ni kama kumlaza mgonjwa kando ya mashine ya kusaga. Wengine ni taa za LED za kubadilisha, chaja ya simu isiyo na waya, vidude vya kurusha muziki wa simu kwenye FM, na kompyuta zenyewe za gari. Kidude cha kurusha muziki kitaje peke yake: ni mtambo mdogo wa FM uliokaa ndani ya gari lako, na ukiuweka karibu na masafa ya stesheni ya TMC umemaliza kila kitu.

Kumtafuta mkosaji hakuhitaji chombo cha bei. Egesha mahali ambapo mapokezi ni ya kusuasua, pasiwe pabovu kabisa wala pazuri sana, maana penye nguvu kelele haionekani. Zima injini, acha swichi kwenye nafasi inayowasha soketi ya kiberiti. Chomoa kila kitu isipokuwa kipokezi. Subiri, soma. Rudisha kimoja, subiri, soma. Kuchomoa maana yake ni kuchomoa kwenye soketi; kamera iliyozimwa kwa kitufe bado chaja yake inafanya kazi na kunguruma.

Chaja ya kipokezi chenyewe inajaribiwa hivi: kama kebo inaishia kwa plagi ya USB, ilishe kwa benki ya umeme ya simu badala ya soketi ya gari. Foleni zikianza kuingia, chaja ndiyo yenye hatia, ibadilishe. Ukiwa na redio ndogo ya mkononi ya FM, iweke kwenye masafa matupu yasiyo na stesheni, ikaribishe kwenye kila waya. Panapobadilika mvumo wake, kukawa na mlio au mngurumo, hapo ndipo panapotoka uchafu.

Dawa ya kwanza ni umbali, nayo ni bure. Waya wa kamera upite upande wa abiria, antena upande wa dereva, au kinyume chake. Sentimita 30 za kutengana huleta tofauti kubwa, kwa sababu kelele za namna hii hupungua haraka mno karibu na chanzo. Waya mbili zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba, zisiende sambamba.

Dawa ya pili ni feraiti, yale mabumba meusi ya kubana juu ya kebo. Kwa masafa ya FM chagua mchanganyiko wa namba 31 au 43; bumba lisilo na maelezo linaweza kuwa la masafa mengine lisifanye lolote. Kebo ikipita mara moja tu ndani ya bumba, kizuizi ni kidogo. Ukiipitisha mara mbili kinakaribia kuwa mara nne, mara tatu kinakaribia mara tisa. Zaidi ya hapo mizunguko huanza kuvujishana yenyewe kwa yenyewe na faida inarudi nyuma, kwa hiyo komea mara tatu. Bumba likae karibu na chanzo, ndani ya sentimita 5 kutoka kwenye chaja ya kamera, maana kipande cha kebo kilichobaki kati ya chaja na bumba bado ni antena ya kurusha kelele.

Hapa lipo kosa linalofanywa hata na mafundi hodari. Mtu akishaona feraiti imesaidia kwenye kamera, anaibana pia kwenye kebo ya kipokezi, tena karibu kabisa na kile kivimbe, na mapokezi yanakufa. Sababu ni kwamba waya wa antena ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni kebo yenyewe ya chaja, ambayo kipokezi huitumia badala ya ethi, na katika baadhi ya vifaa kebo hiyo ndiyo antena nzima, hakuna waya mwingine. Ukibana feraiti hapo umekata mguu mmoja. Kwenye kebo ya kipokezi bumba likae upande wa plagi ya soketi, na kati yake na kipokezi pabaki kebo isiyopungua sentimita 75.

Namba hiyo 75 haikuja kwa bahati. Wimbi la megahezi 100 lina mita 3, na robo yake ni sentimita 75. Chini ya bendi, megahezi 87.5, robo ni sentimita 86. Juu, megahezi 108, ni 69. Kwenye waya halisi wimbi huenda polepole kidogo, kwa hiyo ukikata waya wako mwenyewe sentimita 71 ni katikati nzuri. Kama unajua stesheni inayotuma TMC katika eneo lako, gawanya 7,125 kwa megahezi zake upate sentimita. Lakini msihangaike sana na hilo. Kukosea sentimita 5 hakuonekani, wakati kulaza waya juu ya chuma kunaonekana mara moja. Na kuongeza urefu hadi mita 2 "ili ushike zaidi" hakusaidii. Unaharibu ulinganifu wa antena na kipokezi, na unaongeza waya wa kuokota kelele za dashibodi.

Waya uwekwe wapi? Angalia kioo cha mbele kama dirisha lililokatwa kwenye sanduku la chuma. Mawimbi huingilia hapo, na kwenye kingo za sanduku huwa yamedhoofishwa na chuma. Waya ulioingizwa chini ya mpira wa ukingo wa dari unapendeza kwa macho, lakini umetengana na chuma cha bodi kwa milimita kadhaa tu. Usogeze sentimita 8 hadi 10 ndani ya kioo. Mpango unaofanya kazi katika magari mengi ni umbo la herufi L iliyopinduliwa: kutoka dashibodi kwenye kona ya abiria panda wima kandokando ya nguzo kwa sentimita 35 au 40, kisha geuka uende mlalo juu ya kioo kwa kipande kilichobaki. Sababu ya kona hiyo ni kwamba stesheni nyingine hurusha mawimbi yaliyosimama, nyingine yaliyolala, nyingine mchanganyiko, na L huokota pande zote mbili. Vifyonzeo vya mpira vishike kila mwisho na kwenye kona. Futa kioo kwa spiriti kwanza. Kifyonzeo kwenye kioo chenye mafuta ya dashibodi hudondoka siku ya kwanza ya jua kali.

Waya usikae mbele ya macho ya dereva. Na nguzo nyingi za kioo zina mfuko wa hewa wa pembeni ndani yake. Utaona neno AIRBAG kwenye plastiki. Usipitishe waya ndani ya nguzo hiyo wala juu ya plastiki yake. Mfuko ukifumuka utaurusha waya pamoja na klipu zake usoni mwa mtu. Pitisha juu ya kioo, basi.

Waya ukizidi mahali palipopo, usiukunje. Kifundo cha sentimita 30 mwishoni kinafanya kazi kama koili, na sehemu hiyo yote inakuwa imepotea. Afadhali ushuke upande wa pili wa kioo na mwisho wake ukiwa umenyooka.

Wapo watakaofanya yote haya na wasione badiliko, na kwao mkosaji ni kioo. Magari mengi yana kioo cha mbele chenye utando mwembamba wa chuma wa kuzuia joto, au chenye nyaya laini za kupasha. Utando huo hugeuza lile dirisha letu kuwa ukuta. Dalili yake ni mng'ao wa zambarau au wekundu ukikitazama kwa pembeni, na eneo la vidoti au mraba usio na utando nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, ulioachwa makusudi kwa ajili ya vifaa vya redio. Karatasi za kivuli zenye chuma kwenye madirisha ya pembeni hufanya ubaya uleule. Jaribio la dakika kumi: gari likiwa limesimama, toa waya wote nje kupitia dirisha la abiria lililoshushwa, uning'inie wima bila kugusa bodi. Nguvu ikiruka ghafla, acha kuhangaika na kioo cha mbele. Mraba ule mdogo unatosha kwa GPS. Kwa wimbi la mita 3 ni tundu la sindano. Peleka waya kwenye dirisha dogo la pembeni lisilo na utando, au nenda kwenye antena ya gari yenyewe.

Antena ya gari ndiyo suluhisho bora kuliko yote, na ndilo lenye mitego mingi. Unahitaji kigawanyi kinachokaa kati ya antena na redio, chenye mdomo wa tatu wa kwenda kwa kipokezi, na kipokezi kiwe kina tundu la antena, kwa kawaida la jeki ya milimita 2.5 au 3.5. Kigawanyi kisicho na umeme hugawa nguvu mara mbili, na kwa hasara zake kila mdomo unapoteza kama desibeli 3.5 hadi 4. Kwa antena iliyo nje ya bodi hiyo ni bei ndogo. Bado utapata zaidi ya waya wa ndani. Redio itapungua kidogo, zaidi kwenye masafa ya AM.

Mtego wa kwanza ni umeme. Antena fupi za kwenye dari na zile za ndani ya kioo cha nyuma zina kikuzaji kinacholishwa kwa kebo ileile ya antena kutoka kwenye redio. Ukitia kigawanyi kisichopitisha umeme huo, kikuzaji kinalala na unapoteza vyote viwili, redio na foleni. Ukitia kinachoupitisha kila upande, umepeleka volti 12 kwenye tundu la kipokezi. Kwa hiyo chukua mita, washa redio, pima kati ya uzi wa katikati na wavu wa nje kwenye plagi inayotoka redioni. Ukisoma volti, kigawanyi chako lazima kipitishe umeme kati ya redio na antena tu, na mdomo wa kipokezi uzuiwe kwa kapasita. Kapasita ya kauri ya nanofaradi 1, volti 50, inatosha: kwa megahezi 100 inazuia kama ohm 1.6 tu, yaani si kitu, na kwa umeme wa betri ni ukuta. Miguu yake ikate iwe milimita 5 au pungufu. Sentimita moja ya mguu kwa masafa haya huongeza kizuizi cha ohm 6 hivi, kwa hiyo mwenye kuacha miguu ya sentimita 3 kila upande ameweka kizuizi kikubwa kuliko kapasita yenyewe.

Mtego wa pili unawahusu wenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani. FM ya huko huanzia megahezi 76, na wengi huongeza kibadilisha masafa nyuma ya redio ili wapate stesheni za juu. Kigawanyi kikiwekwa kati ya kibadilisha masafa na redio, kipokezi kinapewa stesheni zilizohamishwa mahali pake, na zile zinazoshushwa chini ya megahezi 87.5 hakitazigusa kabisa. Kigawanyi kitangulie, upande wa antena. Na mfumo wa foleni uliojengewa magari hayo si TMC, kwa hiyo usitegemee skrini ya kiwandani ikusaidie kulinganisha.

Mtego wa tatu ni ethi. Wavu wa kebo unaokwenda kwa kipokezi uungwe kwa risasi kwenye jeki kuuzunguka mwili wake, usiwe uzi mmoja uliosokotwa. Kama unaunga ethi kwenye bodi, kwangua rangi hadi chuma kionekane, tumia bolti na washa yenye meno, kisha pima: kati ya wavu na bodi mita isome chini ya ohm 1. Bolti iliyofungwa juu ya rangi hufanya kazi leo, mwezi wa mvua inaanza kukatikakatika, na hakuna anayeikumbuka.

Kuna wanaozungushia waya wa TMC kwenye kebo ya antena ya gari wakitumaini mawimbi yatavuja. Kebo hiyo ina wavu wa nje uliowekwa hasa ili yasivuje. Kuzungushia kwenye shina la antena ya fimbo kunasaidia kidogo. Kwenye kebo unajifurahisha.

Busta nimeiacha mwisho kwa makusudi. Inakuza kila kinachoingia, kelele ikiwemo, na inaongeza ya kwake. Busta iliyowekwa ndani ya gari, baada ya waya uliokwisha kuokota uchafu wa chaja, inatoa uchafu mkubwa zaidi. Karibu na mitambo ya kurushia inafanya jambo baya zaidi: stesheni zenye nguvu zinaielemea, zinachanganyika ndani yake na kuzaa stesheni za uongo juu ya ile unayoitafuta. Ina nafasi moja halali, kwenye shina la antena ya nje, kabla ya kebo ndefu au kigawanyi, na mara nyingi gari lenye antena fupi limeshakuwa nayo.

Jaribio la waya nje ya dirisha lina matumizi ya pili. Likifanywa kwa chaja iliyothibitishwa kuwa safi, kila kitu kingine kikiwa kimechomolewa, dakika 15, sehemu tano, na bado stesheni haishikiki, basi mawimbi hayafiki hapo kwa kiwango cha kutosha data. Hakuna kigawanyi wala feraiti itakayobadili hilo. Endesha kilomita kadhaa kuelekea upande wa mtambo wa kurushia, au juu ya mwinuko, urudie jaribio hilohilo kabla ya kufungua plastiki yoyote ya gari.

Tupokee maswali.